Gari lipi la kupandia mlima mrefu? Anza kulinganisha kwenye mteremko

Mahali pa kumjua aliyejiandaa na asiyejiandaa si kileleni. Kileleni wote wanapiga picha na wote wanacheka. Nenda kasimame alasiri kwenye kituo kidogo cha kuegesha, katikati ya njia ya kushukia, watu wanaporudi. Kabla hujaona gari utasikia harufu: kali, kavu, kama nywele zilizopitiwa na pasi. Hizo ni pedi za breki. Gari linaingia, magurudumu ya mbele yanafuka moshi mwembamba, dereva anashuka na moja kwa moja anafungua boneti. Anatafuta kosa kwenye injini. Ukimsogelea atakwambia, "Sielewi, mbona lilipanda vizuri kabisa?"

Kupanda lilipanda, ndiyo.

Nimewahi kuwa huyo dereva. Mara moja ilinitosha, na tangu siku hiyo mtu akiniuliza achukue gari gani kwa safari ya mlimani, mimi naanzia nyuma. Gari zima lolote la siku hizi litakufikisha juu ya barabara ya lami, hata kama ni kwa kujikongoja. Tofauti kubwa kati ya gari na gari, na kati ya maandalizi na maandalizi, huonekana mnapogeuza kurudi.

Injini nne, hewa moja nyepesi

Hata hivyo tuanze na kupanda, maana ndiko watu wanakohofia.

Kwenye mwinuko wa mita 3,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari. Kwenye mita 5,500 umebaki nusu. Injini huchoma mafuta kwa hewa, kwa hiyo hewa ikipungua nguvu nayo inapungua. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo (feni inayoisukumia injini hewa ya ziada) hesabu ya haraka ni asilimia 3 kwa kila mita 300. Gari lililotoka bondeni na nguvu ya farasi 100, kwenye mita 3,000 linakokotwa na kama farasi 70, na bado umebeba watu walewale na mizigo ileile. Ukikanyaga mafuta utasikia injini inapiga kelele bila kusogea sawasawa na kelele zake. Haijaharibika. Shusha gia, acha izunguke kwa kasi, na ukubali kupitwa.

Gari la zamani la kabureta lina shida ya ziada: linaendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, kwa hiyo linatoa moshi mweusi na kukohoa. Magari ya sindano za kielektroniki hupima hewa na kujirekebisha yenyewe.

Injini yenye turbo, ya petroli au ya dizeli, inapumua kwa msaada. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Kwenye mpando mrefu ulionyooka tofauti utaiona: wenye turbo wanakupita wakiwa wanapiga soga. Lakini kwenye kona zile za kugeuka nyuma kabisa, unazoziingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, mizunguko ya injini inaanguka, turbo inalala, na gari linakuwa zito kwa sekunde moja au mbili kabla ya kushtuka. Barabara ya Stelvio kule Italia, inayofika mita 2,757, ina kona 48 za namna hiyo upande mmoja tu, na kila kona ina namba yake. Fikiria kuamsha turbo mara 48. Dawa yake ni kuingia konani ukiwa tayari kwenye gia ya chini, usisubiri gari lianze kutetemeka. Na ukifika juu baada ya kulikamua hivyo, liache lingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kulizima, turbo ipoe na oili ikiwa bado inazunguka.

Haibridi, gari la petroli na umeme kwa pamoja, ndiyo inayowadanganya watu zaidi. Bondeni ni gari jepesi, linaondoka kimya, lina nguvu za pande mbili. Lakini betri ya haibridi ya kawaida ni ndogo, kama uniti moja ya umeme au zaidi kidogo. Kilomita chache za mpando na imekwisha, na kinachobaki kukuvuta ni injini ya petroli isiyo na turbo iliyotengenezwa kwa ajili ya kubana matumizi, si kwa ajili ya nguvu. Itakufikisha. Usishangae tu inapoanza kunguruma mfululizo.

Gari la umeme halijui kama hewa ipo au haipo. Mwaka 2018, kwenye mashindano ya kupanda Pikes Peak huko Colorado, Marekani, Romain Dumas aliendesha gari la umeme la Volkswagen hadi mwisho wa barabara, mita 4,302, kwa dakika 7 na sekunde 57. Rekodi iliyokuwepo, ya gari la petroli la mwaka 2013, ilikuwa zaidi ya dakika 8 na sekunde 13. Gari la mashindano si gari lako, najua, lakini sababu ni ileile: mota haipumui. Unacholipa ni chaji. Kuinua gari la kilo 2,000 mita 2,000 kwenda juu kunakula karibu uniti 11 za betri kwa ajili ya kimo peke yake, kabla hujahesabu umbali, upepo na hita.

Kwa anayetaka kuona kwa jicho moja:

| Gari | Kupanda | Kushuka | La kuangalia |
|---|---|---|---|
| Petroli bila turbo | Linachoka mapema | Injini inazuia vizuri kwenye gia ya chini | Joto la injini |
| Turbo (petroli au dizeli) | Linavuta vizuri, linazubaa konani | Hutofautiana. Dizeli hasa lijaribu kwanza | Kulizima likiwa moto |
| Haibridi | La kawaida betri ikiisha | Zuri mwanzoni, halafu betri inajaa | Kujua herufi B kwenye gia ni ya nini |
| Umeme | Halihisi mwinuko | Bora kuliko yote, betri isipokuwa imejaa | Chaji ya kupandia |

Kuhusu dizeli nifafanue kidogo. Injini ya petroli ukiachia mafuta inafungiwa hewa, na kule kuvuta pumzi kwenye mrija uliozibwa ndiko kunakolizuia gari. Dizeli haifungiwi hewa namna hiyo, ndiyo maana malori makubwa huongezewa breki ya eksozi au ya injini. Dizeli dogo la nyumbani kwa kawaida halina.

Pasi ya saa nne kwa dakika ishirini

Sasa tugeuze gari.

Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000 kwenda chini linaachia nishati ya zaidi kidogo ya uniti 4. Ni kama kuacha pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nne mfululizo. Kwenye mteremko wa asilimia 10, mita 1,000 hizo ni kilomita 10 za barabara, na kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa unazimaliza kwa dakika 20. Sehemu ya joto hilo itachukuliwa na upepo na tairi. Linalobaki lina njia tatu: liingie kwenye injini, liingie kwenye betri, au liingie kwenye breki. Ukiiacha gia kwenye D na kuweka mguu juu ya pedali, umechagua njia ya tatu.

Hapa ndipo gia zinapokuwa na uzito kuliko injini.

Gari la klachi ndilo rahisi kulielewa. Weka namba mbili, achia klachi, gari linashikwa na injini kama ng'ombe aliyefungwa kamba shingoni. Likizidi kasi, kanyaga breki kwa uthabiti, kasi ishuke, achia. Wazee husema shuka na gia uliyopandia. Kwa magari ya zamani ni kweli. Kwa gari jipya lenye nguvu ningesema shuka na gia moja chini ya hiyo, kwa sababu gari kuweza kupanda kwa namba tatu bila kulalamika hakuna maana kwamba namba tatu italizuia likishuka. Kosa la kuogopwa hapa ni moja, nalo ni la mazoea: kushuka na nyutro ili kuokoa mafuta. Kwanza hakuokoi kitu, maana magari ya sindano hukata mafuta ukiachia pedali likiwa kwenye gia. Pili umetupa kamba ya ng'ombe.

Otomatiki ya kawaida ina uwezo uleule, ila lazima uuombe. Kwenye D gari linaona kasi inaongezeka bila wewe kukanyaga mafuta, linadhani mambo ni shwari, linapandisha gia. Ndipo mguu wako unaposhuka kwenye breki na kukaa hapo. Tazama mkono wa gia: kuna 2 na L, au kuna S, au alama za + na −. Kitufe cha O/D nacho kinasaidia, lakini ukikizima kinaondoa ile gia ya juu tu; kwa mlima mrefu hakitoshi. Mount Washington, barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 1861 kaskazini mashariki mwa Marekani, ina wastani wa mwinamo wa asilimia 12, na wasimamizi wake hawaruhusu gari la otomatiki ambalo dereva hawezi kuliweka mwenyewe kwenye gia ya chini kabisa. Na mlima wenyewe una mita 1,917 tu. Urefu si hoja kwao. Hoja ni mteremko.

CVT, ile isiyo na gia za kuhesabika, inafaa ukijua herufi zake. L au B ndiyo ya kushukia mteremko mkali, S ni ya mteremko wa wastani. Watu wengi wanaomiliki magari haya hawajawahi kugusa B tangu wayanunue. Wengine wanadhani ni ya breki ya dharura.

Kwenye haibridi hiyo B ina kazi ya pekee. Gari linaposhuka linajaza betri, na dereva anafurahi kuona mshale wa kijani. Lakini rudi kwenye hesabu: mita 1,000 zinaachia uniti 4, betri ina nafasi ya nusu uniti au karibu na hapo. Kabla hata hujashuka mita mia chache imejaa. Baada ya hapo B inalifanya gari lizungushe injini ili ilizuie. Injini itanguruma kwa sauti kubwa huku mguu wako hauko kwenye mafuta, na mara ya kwanza utadhani gari limepagawa. Liache lingurume.

Gari la umeme lina betri ya kumeza mlima mzima, na ndiyo sababu kwa kushuka naliweka la kwanza. Nimeona mtu akitoka kileleni na asilimia 38, akafika chini na zaidi ya hapo, breki zikiwa baridi kabisa. Ila lina mtego mmoja: betri iliyojaa haina pa kuweka nishati. Ukilala hoteli ya juu mlimani ukachaji hadi asilimia 100, asubuhi unaanza kushuka bila ule uzuiaji ulioutegemea, na gari zito la kilo 2,000 linabaki na breki za kawaida. Ishia asilimia 80. Betri ya baridi kali nayo hupokea kidogo mwanzoni, kwa hiyo kilomita za kwanza zishuke kwa adabu.

Mafuta ya breki: tarehe kuliko namba

Sehemu hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo iliyoniangusha mimi.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na kadiri yanavyokaa ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea. Unakanyaga pedali inakwenda hadi chini kama umekanyaga sifongo.

Kwenye chupa huandikwa daraja la mafuta, DOT na namba. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishafyonza unyevu ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikiwa imechoka. DOT 5.1 ni 260 na 180. Soma hizo namba tena taratibu. DOT 3 iliyotiwa wiki iliyopita ni salama mlimani kuliko DOT 4 iliyokaa miaka minne. Watu wanabishana namba ya chupa ilhali swali ni lini yalibadilishwa mara ya mwisho. Langu lilikuwa na DOT 4. Jibu la swali la pili sikuwa nalo.

Kwa hiyo, kama mafuta yana zaidi ya miaka miwili, badilisha yote kabla ya safari. Kama gari linakubali DOT 4, tia DOT 4. Hiyo 5.1 inafaa kama umebeba watu wengi au unavuta tela. Usitie DOT 5, bila ile nukta moja: hiyo ni ya silikoni na haichanganywi na hizi nyingine.

Pedi mwambie fundi akuonyeshe kwa macho. Ukiambiwa "bado zipo zipo", zibadilishe.

Maji matupu au kulanti

Kulanti. Sina maneno mengi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pwani, lakini kwa kila mita 300 unapoteza karibu nyuzi moja, na kwenye mita 4,300 yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi. Kinachoyaokoa kwenye gari ni mfuniko wa rejeta unaoshikilia mgandamizo. Mfuniko ukiwa na mpira uliokauka, maji matupu yatachemka mapema sana. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu inakupa nafasi, tena haigandi usiku wa baridi. Mshale wa joto ukipanda njiani, zima AC na uwashe hita hadi mwisho, hata kama mtaoga jasho: hita ni rejeta ndogo ya pili. Mfuniko usiuguse hadi gari lipoe.

Na upepo wa tairi? Mgandamizo wa nje ukishuka kipimo cha tairi kinapanda, baridi ikiingia kinashuka, na mwisho wa siku vinakaribia kufutana. Pima bondeni asubuhi tairi zikiwa baridi, weka kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, basi.

Gari kubwa la 4x4 au gari dogo?

Wengi huazima gari kubwa kwa ajili ya mlima, na wakati mwingine ni lazima. Sani Pass, kati ya Afrika Kusini na Lesotho, inafika mita 2,876, na upande wa Afrika Kusini hupiti bila 4x4. Mauna Kea kule Hawaii, mita 4,205, nayo inataka 4x4 ukishapita kituo cha wageni, na moja ya sababu ni zile gia za chini kabisa wakati wa kushuka. Barabara ikiwa ya changarawe, tope au mawe, usibishane na bango.

Lakini kwenye lami kavu magurudumu manne hayana cha kukuongezea, na uzito unakudai. Gari la kilo 2,500 lenye watu saba na mizigo juu ya paa linaachia mlimani karibu mara mbili ya nishati ya gari dogo. Breki zake ni kubwa zaidi, sawa, lakini dereva wa kuazima halijui. Hajui linapinda vipi, hajui pua yake inaishia wapi kwenye kona isiyo na kingo. Mimi kati ya gari kubwa nisilolijua na dogo ninalolijua, kwenye lami nachukua dogo. Mizigo iliyo juu ya paa iteremshwe. Inalifanya gari liyumbe konani na hakuna aliyewahi kuihitaji yote.

Gari la kukodi ni mjadala mwingine. Soma mkataba kabla ya kutia saini, kwa kuwa mingi hutaja barabara ambazo bima haifiki, na za milimani huwa za kwanza kwenye orodha. Halafu kabla hujaondoka uwanjani tafuta L iko wapi na spea tairi iko wapi.

Kupanda na kushuka siku moja, au kulala katikati?

Mwili nao ni injini isiyo na turbo.

Kuumwa kwa mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kinagonga, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, usingizi wa kukatikakatika. Gari linazidisha mambo kwa sababu linakupeleka kwa saa mbili mahali ambapo kwa miguu ungefika kwa siku tatu. Kwa bahati, dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza, mara nyingi kuanzia 6 hadi 12, kwa hiyo anayepanda, akakaa saa moja na kushuka, wengi wao huponea chupuchupu bila kujua.

Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Kama kilele hakizidi mita 2,500, nendeni na mrudi, hakuna cha kujadili. Kati ya hapo na 3,500 simameni njiani. Mauna Kea wageni hushauriwa kukaa angalau nusu saa kwenye kituo kilichopo mita 2,800 kabla ya kuendelea, na ushauri huo unafaa mlima wowote. Zaidi ya 3,500, na hasa kama mtalala juu, gawa safari. Kanuni ya wapanda milima ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja. Aliyezamia baharini kwa mitungi ya hewa asubiri saa 24. Pombe na dawa za usingizi ziacheni chini.

Mtu akianza kuyumba kama mlevi, au akikosa pumzi hali ameketi, hamngoji apate nafuu. Mnashuka saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Ila abiria ndiye rahisi. Dereva akiumwa nani atawashusha? Kati ya dereva mmoja hodari na madereva wawili wa kawaida, mimi nawachukua wawili wa kawaida, ilimradi yule wa pili amewahi kulishika gari hilohilo. Kichwa kilichokosa hewa hakijui kwamba kimekosa. Kinaamua polepole, na kinajiona kiko sawa.

Alfajiri au mchana

Asubuhi, karibu kila mara. Radi, mvua na ukungu hupenda alasiri za milimani, na magari ya kushuka yanajazana wakati huohuo. Ubaya wa asubuhi ni barafu: joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo bondeni kukiwa na nyuzi 18, mita 3,000 juu yake panakaribia kuganda, na kona iliyo kivulini huwa na utelezi hadi jua liifikie. Msipande gizani mkikimbilia macheo kama hamuijui njia. Ondokeni jua likishatoka, mfike juu saa nne, saa sita mwe mnashuka. Radi ikiwakuta, kaeni ndani ya gari na madirisha yamefungwa. Bodi la chuma ni kinga nzuri.

Pikes Peak wana utaratibu ninaoupenda. Wakati wa kushuka, pale Glen Cove, mlinzi anakusimamisha na kupima joto la breki zako kwa kifaa cha mkononi. Zikiwa moto unawekwa pembeni hadi zipoe. Milima mingi haina mlinzi huyo, kwa hiyo jisimamishe mwenyewe kila baada ya dakika 20. Ukisimama usivute handibreki kwa nguvu juu ya ngoma zenye moto, wala usimwagie maji. Liweke kwenye gia au P, kinga gurudumu kwa jiwe, shuka. Sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi kama umekikaribia kikaango, keti, kula karanga, ngojea. Na jiwe ulilokingia usilisahau barabarani.